Limeonjwa na Zamda

Katika nchi yetu, mtu akikukaribisha maji bila kuyaonja mwenyewe kwanza, una haki ya kuchukua kofia yako na kuondoka, na hakuna atakayekuita mkorofi. Mwenye nyumba hushika kikombe, hunywa funda moja mbele ya macho yako, humeza, husubiri kidogo, ndipo anakupa. Maana yake ni kwamba kama kuna sumu humu, itaanza na mimi. Tumelelewa hivyo. Nawajua mabinti waliovunja uchumba kwa sababu tu kijana aliwasogezea soda bila kuionja.

Jina la nchi sitalitaja. Mimi ni mwalimu wa uraia katika shule ya msingi ya serikali, na mwalimu wa uraia anayeitaja nchi yake ovyo ovyo hamalizi muhula. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na ina sheria ambayo wageni hutoka mbali kuja kuishangaa. Inaitwa Sheria ya Kuonja Kwanza, nami huifundisha darasa la sita kila mwaka.

Ilianza vizuri. Zamani, kiwanda kimoja kiliuza mafuta ya kupikia yaliyowapofusha watu. Rais wetu wa kwanza hakuunda tume. Alimwita mwenye kiwanda uwanjani, akamwekea bakuli la mafuta yake, akamwambia, "Wewe ndiye mwenyeji. Onja." Yule bwana akalitazama bakuli, akaanza kulia. Kiwanda kikafungwa siku hiyo hiyo, na bunge likatunga sheria kwamba kila kitu kitokacho kiwandani kitaonjwa mbele ya watu na aliyekitengeneza. Sheria ilisema "kila kitu", na wanasheria wetu, ambao ni watu waaminifu sana kwa maandishi, wakaisoma hivyo hivyo.

Mwenye kiwanda cha sabuni akalamba sabuni, akatoka povu, akapigiwa makofi. Mwenye magodoro akatafuna pembe ya godoro. Mkurugenzi wa saruji alimeza kijiko kizima, akashindwa kufungua kinywa kwa muda mrefu, watu wakamwona ni mtu wa busara, akateuliwa kuwa balozi. Tairi likalambwa, bati likalambwa. Hata jeneza lililambwa, likapewa daraja la Yavumilika, na mpaka leo hakuna mteja aliyerudi kulalamika.

Baadaye wenye viwanda wakaanza kuumwa meno. Wakaenda serikalini kwa unyenyekevu, wakasema wao ni watu wa kuzalisha, si watu wa kulamba, basi wapatiwe mtu wa kuwaonjea. Serikali yetu ni sikivu. Ikaunda Mamlaka ya Kuonja, na wenye viwanda, kwa mapenzi yao wenyewe, wakaijengea jengo refu lenye vioo vya buluu. Akateuliwa Dakta Eliapenda Kiswaga kuwa Mwonjaji Mkuu, na ulimi wake ukatangazwa kuwa mali ya umma. Rasmi unaitwa Ulimi wa Taifa. Ukipita barabarani, ndani ya Dakta, ndani ya gari, ving'ora hulia na sisi husogea pembeni.

Madaraja yanayotolewa ni Tamu, Tamu Kiasi na Yavumilika. Muhuri wa Chungu nao ulichongwa, kwa mti mzuri wa mpingo. Umewekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu wakauone. Haujawahi kuguswa na wino.

*

Mwaka juzi, Bwana Fulgence Matimbwa, mwenye kiwanda cha Moto Mpole, alitengeneza jiko la gesi la bei nafuu. Lilikuwa jiko zuri kutazama, jekundu, limeng'aa. Sisi wa mtaani kwetu tulikuwa tumechoka na moshi wa kuni na mkaa, tukalisubiri kwa hamu.

Siku ya kulionja uwanja ulijaa. Dakta Kiswaga alipanda jukwaani, akauliza kwanza kama jiko ni la baridi. Akaambiwa ni la baridi kabisa. Lazima nifafanue hapa, kwa sababu wanafunzi wangu huliuliza sana jambo hili: kifungu cha mwanzo kabisa cha kanuni za Mamlaka kinasema Ulimi wa Taifa usihatarishwe kwa namna yoyote. Jiko linalowaka halilambiki bila hatari. Kwa hiyo majiko yote ya nchi yetu huonjwa yakiwa yamezimwa.

Dakta akafumba macho. Akaupitisha ulimi kutoka mguuni mwa jiko hadi kwenye kitufe cha kuwashia, bila haraka.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimehisi chuma. Nimehisi rangi. Nimehisi pia, kwa mbali, mustakabali wa taifa letu. Tamu!"

Tukashangilia. Nami nilishangilia, sikosi shughuli za kitaifa. Bwana Matimbwa alipunga mkono. Nyumbani kwake hupikwa kwa jiko la kutoka nje, maana ni mzalendo, na aliona si vizuri kuwapunguzia wananchi majiko yao.

*

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni Bi Mwantumu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Zamda. Ndiye mpishi wa shule yetu. Kila asubuhi anawapikia watoto uji, na wako watoto wengi ambao uji huo ndio chakula chao hadi jioni. Mume wake alifariki zamani. Alibaki na mtoto mmoja, Zamda, aliyekuwa darasani kwangu, darasa la sita, dawati la mbele karibu na dirisha.

Zamda alikuwa na mchezo mmoja na mama yake. Mama akirudi kazini amechoka, Zamda humkalisha kwenye kigoda barazani na kumwambia, "Leo wewe ni mgeni wangu, mimi ndiye mwenye nyumba." Kisha anampikia chai, anakuja nayo, anaonja funda moja kwa madaha yote, anafumba macho, anaiga sauti ya Dakta Kiswaga: "Nimehisi tangawizi. Tamu!" Mama anacheka, ndipo anapewa kikombe. Nilikuwa nawasikia kila siku kutoka kwangu, na nakiri kwamba siku zisizo na kicheko hicho naziona ndefu mno sasa.

Mama Zamda alinunua jiko la Moto Mpole kwa sababu ya kifua. Moshi wa jikoni pale shuleni ulikuwa umeshamtia kikohozi kisichokoma, na Zamda alitaka mama yake apumzike na moshi angalau nyumbani.

Alasiri moja nilimsikia akisema, "Kaa, mgeni wangu." Nikasikia kigoda kikiburutwa. Kisha nikasikia kishindo, na ukuta wangu ukatikisika.

Sitasimulia nilichokikuta nilipofika. Nitasema tu kwamba hatukuwahi kumfikisha hospitali, na kwamba mama yake alimshika mkono njia nzima akimwambia, "Mgeni wako yupo hapa, mwanangu, mgeni wako hajaondoka."

*

Kiwanda cha Moto Mpole hakikututupa msibani. Walituma gari na dada mmoja mwenye sauti laini, akaleta rambirambi ya kampuni, ikiwa imefungwa utepe mweupe. Ilikuwa jiko jipya.

"Bwana Matimbwa anasema poleni sana," dada akasema. "Anasema hataki kusikia familia imerudi kwenye kuni."

Wanawake waliokuwa mkekani wakatazamana. Mama Zamda akashukuru, kwa sababu mtu hafukuzi rambirambi. Kisha akalifunika lile jiko kwa khanga, akalisogeza kwenye pembe ya chumba. Alilisogeza kwa ncha za vidole, na akawaambia wanawake wasikae upande ule.

Fundi wetu wa baiskeli, kijana wa mtaani, alilifungua lile jiko lililolipuka, akatuonyesha. Pale bomba la gesi linapoungana na jiko, pete inayotakiwa kuwa ya shaba ilikuwa ya plastiki, imepakwa rangi ya shaba. Jiko likipata moto kidogo tu, pete inalainika na gesi inatoka. Tulifungua na lile la rambirambi. Pete yake nayo ilikuwa ya plastiki, imepakwa rangi vizuri zaidi.

Matanga yalipokwisha, mimi na Mama Zamda tukaenda Mamlaka ya Kuonja, tumelibeba jiko lililoungua ndani ya gunia. Tulipita mbele ya lile kabati la kioo lenye muhuri wa mpingo. Mama Zamda akasimama, akautazama.

"Huu ndio ninaoutaka," akaniambia. "Sitaki kingine, Mwalimu. Waugonge tu, majiko yaondoke madukani."

Dakta Kiswaga alitupokea vizuri, akatuamkia kabla sisi hatujamwamkia. Ana adabu. Kabla hatujaketi akajimiminia maji, akanywa funda, akatupa bilauri. Mama Zamda akamweleza yote. Dakta akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, nadhani.

"Pole sana, mama. Sasa, nisaidie jambo moja. Marehemu, kabla ya kuliwasha, alililamba?"

"Hakulilamba, Mheshimiwa. Alikuwa anachemsha chai."

"Ndiyo hapo." Akamgeukia katibu wake. "Andika: alitumia bila kuonja." Akaturudia. "Mama, sisi hapa tunathibitisha ladha. Jiko likiwaka, hilo limekuwa jambo la moto, na moto upo wizara nyingine."

Nikamweleza habari za pete ya plastiki. Dakta akasema yeye ni mtu wa utafiti, hapingi jambo kabla ya kulipima. Akaagiza jiko litolewe kwenye gunia. Akagusa ubavu wake kuona kama ni wa baridi. Kisha, mbele ya mama wa mtoto, akalilamba, pale palipoungua zaidi.

Mama Zamda aligeuza uso.

"Naam," Dakta akasema, akijifuta kwa leso. "Sasa lina uchungu. Siwafichi, lina uchungu. Lakini lilipotoka kwetu lilikuwa tamu. Hili, mama, limeharibiwa na matumizi."

Tukaondoka na gunia letu. Kwenye ngazi Mama Zamda aliniuliza kama Dakta ana watoto. Nikamwambia nadhani anao. Akasema, "Mungu amwekee."

*

Haukupita muda mrefu, serikali ikatangaza Mpango wa Jiko Safi Shuleni. Kila shule itapewa jiko kubwa la Moto Mpole, la kutosha sufuria ya uji wa watoto wote. Shule yetu ikachaguliwa kuwa ya kwanza, kwa heshima ya msiba uliotupata.

Jiko letu la kuni, lililokuwa nje ya chumba cha kupikia, likabomolewa ili kupata nafasi ya jukwaa la wageni. Kuni nazo zikapigwa marufuku, kwa kulinda mazingira. Mwalimu mkuu akamwita Mama Zamda ofisini, akamwambia, bila kumtazama usoni, kwamba tangu siku ya uzinduzi atapikia jiko jipya.

Jioni ile alikuja barazani kwangu.

"Mwalimu, lile kubwa nalo lina pete ile ile?"

Nikamwambia fundi alilichungulia lilipokuwa linashushwa, na ndiyo, ni ile ile, ila kubwa zaidi.

"Na watoto wanapangwa foleni wapi wakisubiri uji?"

Alijua wanapangwa wapi. Wanapangwa kwenye mlango wa jikoni, na wadogo ndio huwa mbele.

Siku ya uzinduzi alifika Bwana Matimbwa, akafika Dakta Kiswaga, wakafika waandishi na bendi ya polisi. Watoto wakaimba. Jiko likafunuliwa kitambaa, jekundu, refu kuliko mimi. Dakta akauliza kama ni la baridi, akalilamba, akalitangaza Tamu kwa sauti ambayo hata waliokuwa ng'ambo ya barabara waliisikia. Mshereheshaji akamwita mpishi wa shule aje apokee kiberiti kwa niaba ya watoto.

Mama Zamda akapanda jukwaani amevaa kaniki ya msiba. Bwana Matimbwa akamnyooshea kiberiti kwa mikono yote miwili. Hakukipokea.

"Bwana Matimbwa," akasema, na kipaza sauti kilikuwa mbele yake, kwa hiyo tukasikia wote, "karibu shuleni kwetu. Umetuletea jiko, ahsante. Wewe ndiye mwenyeji wa jiko hili, sisi ni wageni wako. Onja kwanza."

"Limeonjwa, mama," Bwana Matimbwa akacheka. "Dakta ameonja sasa hivi, umemwona."

"Dakta kalilamba. Jiko halilambwi, baba, jiko linawashwa. Liwashe wewe, usimame hapo hapo mpaka maji yachemke. Maji ya chai tu. Yakichemka, mimi nitapika hapa mpaka nife, na sitakutaja tena."

Alisema polepole, bila hasira. Akausukuma nyuma mkono wa Bwana Matimbwa, pamoja na kiberiti chake. Na hapo Bwana Matimbwa akarudi nyuma. Sidhani kama aliamua kurudi. Alilitazama jiko, na miguu yake ikamtoa pale yenyewe, hatua kwa hatua, mpaka kisigino kikafika ukingoni mwa jukwaa na polisi wa bendi akamdaka.

Uwanja wote uliona. Wazee waliokuwepo siku ya bakuli la mafuta waliona, na walijua wanachokiona. Nilisikia bibi mmoja nyuma yangu akisema, "Amekataa kuonja chake." Kwa mara ya kwanza tangu Zamda azikwe, nilipata tumaini. Nilidhani lile kabati la kioo litafunguliwa.

*

Waheshimiwa walijitenga chini ya hema kwa muda. Bendi ikapiga wimbo mmoja, ikaupiga tena. Kisha Dakta Kiswaga akarudi kwenye kipaza sauti, akiwa na karatasi na uso wa msiba.

"Ndugu wananchi. Mama yetu ametuuliza swali zito, na serikali hii haikimbii maswali. Kuonja ni nini? Kuonja ni kutangulia. Mwonjaji ni yule anayetangulia ili wengine wafuate kwa amani. Sasa najiuliza, katika jiko hili la Moto Mpole, likiwa linawaka, kama mama alivyoomba, ni nani aliyetangulia?" Akatua. "Alitangulia binti yetu. Alitangulia Zamda! Kwa mamlaka niliyopewa, namteua marehemu Zamda kuwa Mwonjaji Msaidizi wa Taifa, uteuzi huu ukianzia siku ile, muda mfupi kabla ya ajali. Kwa hiyo jiko hili lilionjwa, tena lilionjwa likiwa na moto. Mama, ombi lako limekubaliwa!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga huku wanalia. Sijui kama walijua wanapiga makofi, mkono ukishazoea shughuli za kitaifa hufanya kazi wenyewe.

Mama Zamda alisubiri makofi yaishe.

"Mheshimiwa," akasema, "mwonjaji hutoa daraja. Mwanangu alipolionja, alisema nini?"

Dakta akaitazama karatasi mbele na nyuma. Nilimwona akimeza mate, na kwa kitambo kidogo nilidhani Ulimi wa Taifa utasema kweli.

"Mwonjaji Msaidizi hakuwasilisha taarifa," akasema. "Na kwa kanuni zetu, mwonjaji akinyamaza, ni Tamu."

Wakampa medali ya mtoto, ndani ya kiboksi cha mahameli. Aliishika kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine kwa makosa.

*

Muswada ulipita bungeni bila kupingwa. Sheria ya Kuonja Kwanza, kama inavyosomeka sasa, inasema mwananchi yeyote anayetumia bidhaa kwa mara ya kwanza ni Mwonjaji Msaidizi wa Taifa, anaonja kwa niaba ya aliyeitengeneza. Watengenezaji wameombwa wasionje, na wenyeji wote wamekatazwa kuonja mbele ya wageni wao, ili wasiwanyang'anye wananchi heshima hiyo. Vitabu vipya vya uraia vimeshafika. Ukurasa wa kwanza una picha ya Zamda, ile ya sare za shule. Dawati la mbele karibu na dirisha hakuna mtoto anayekubali kulikalia, na mimi silazimishi.

Bwana Matimbwa naye hakubaki nyuma. Aliguswa sana na historia ya binti yule, akaagiza kila jiko litokalo kiwandani ligongwe alama ubavuni, kwa herufi za dhahabu: LIMEONJWA NA ZAMDA. Mauzo yakapanda. Watu waliona jina la mtoto, wakaona ni jiko la familia.

Mara tu baada ya hapo, watu wakaacha kusema jiko la Moto Mpole. Jina lilikuwa refu, nao walikuwa na hili fupi mbele ya macho. Wakaanza kusema zamda. Nipitishie ile zamda. Zamda yangu imeisha gesi. Usiache zamda inawaka ukienda dukani. Wanaosema hivyo hawana ubaya wowote, wengi hawakumjua mtoto. Juzi sokoni mama mmoja alimuuliza Mama Zamda, kwa nia njema kabisa, "Dada, na wewe zamda yako inavuja?" Nilikuwepo. Mama Zamda akajibu kwamba hana zamda. Kisha akalipa nyanya zake akasahau kuzichukua, nikamfuata nazo.

Nilimshauri aache kazi. Nilimwambia shule itamwelewa, mtaa utamsaidia, hakuna anayestahili kusimama kila asubuhi mbele ya kitu kile.

"Nikiacha wataleta mwingine," akasema. "Mwingine hajui. Atawapanga mlangoni."

Kwa hiyo anapika, ndani ya chumba cha kupikia, ambako jiko lile lilihamishiwa baada ya sherehe. Kila asubuhi anawakusanya watoto wote, wa darasa la kwanza kwa wa saba, anawapeleka mwisho wa uwanja, kwenye goli la mbali, na kuwaambia asiwepo wa kusogea mpaka atoke. Nasimama nao. Anarudi peke yake, uwanja mzima, khanga kiunoni. Mlangoni anashika upindo wa khanga, anaingia, na kupitia dirishani tunamwona akifuta zile herufi za dhahabu, kwa sababu zinashika vumbi, na hataki jina la mwanawe liwe na vumbi. Kisha anatupungia mkono tusogee mbali zaidi, anafunga dirisha, na hatumwoni tena. Watoto wale wana kelele nyingi kuliko soko, lakini wakati huo husikii hata kikohozi. Wadogo hunishika suruali.

Mamlaka imepata habari za utaratibu huu, ikampongeza. Inasema jiko la shule yetu linaonjwa kila siku na halijawahi kupata dosari, na imeweka jambo hilo kwenye matangazo.

Leo asubuhi, kabla hajawapeleka golini, redio ya mwalimu mkuu ilikuwa inasoma habari kwa sauti ya juu dirishani. Mtangazaji alisema, kwa ile sauti yao ya haraka, "Zamda yaua wanne. Watu wanne wa familia moja wamepoteza maisha jana baada ya zamda kulipuka. Polisi wanasema zamda hiyo ilikuwa mpya."

Mama Zamda alikuwa anapita na ndoo ya unga. Akasimama. Akaiweka ndoo chini, akageuka, akanitafuta mimi katika watu wote waliokuwepo pale.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu hajaua mtu."

"Najua, Mama Zamda."

"Waambie. Wewe unafundisha. Waambie hajaua mtu."

Nikasema nitawaambia. Akaitikia kwa kichwa, akaokota ndoo yake, akawapeleka watoto golini, akarudi uwanja mzima peke yake, akafunga mlango. Tukasubiri. Nilitazama lile dirisha mpaka macho yakaniuma, na niliogopa, sioni haya kusema, niliogopa mno.

Baadaye mlango ukafunguliwa, akatoka na sufuria na mwiko. Akatuita. Akachota kikombe cha kwanza, akakiinua ili watoto wote wakione mpaka wa nyuma, akanywa funda moja, akameza, akasubiri. Kwa sheria ilivyo sasa, mwenyeji kuonja mbele ya wageni wake ni kosa. Nikawapanga watoto foleni, wadogo mbele, akaanza kuwapa.